Nilitia Sahihi Bila Kulizunguka Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukishanisaidia naomba unicheke taratibu, maana mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na saba sasa, na kila mwanafunzi anayepita mikononi mwangu siku ya kwanza namzungusha gari mara mbili, aangalie matairi, taa, vioo, ainame aone kama kuna kinachovuja, huku nikimwambia kwa sauti nzito kwamba dereva asiyekagua gari ni abiria aliyekosea kiti. Maneno hayo nimeyatunga mwenyewe na nayapenda sana.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wawili jinsi ya kukaza macho barabarani, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani, nikageuka nyuma kuhakikisha wananisikiliza, na hapohapo gurudumu la mbele kushoto likapanda ukingo wa barabara, gari likaenda kuikumbatia nguzo ya bango la shule yetu. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima yangu. Bima yangu ni kubwa, kampuni ikamtuma mkaguzi, akapiga picha, akaagiza gari lipelekwe kwenye gereji waliyoichagua wao, nami nikatulia nyumbani nikijua mambo yako kwenye mikono salama.

Wiki ya tatu nikaitwa kulichukua. Mshauri, lilikuwa linang'aa! Fundi mkuu, ambaye kila mtu humwita Profesa, akanipokea mbele ya wateja sita akisema, "Jamani pisheni, mwalimu wa walimu huyo, huyu hadanganyiki kwa gari!" Kichwa kikanivimba, nikaona haya kuinama kuangalia matairi mbele za watu waliokwisha kuniamini, basi Profesa akaniwekea fomu juu ya boneti, imeandikwa kwamba nimelikagua gari, nimeliendesha na nimeridhika na matengenezo, nami nikatia sahihi ile ndefu ninayoitumia kwenye vyeti vya wahitimu, hata ufunguo sijaushika.

Aliyegundua ni mke wangu, ambaye hajawahi kuendesha chochote. "Mzee, mbona gari linakimbilia mtaroni?" Nikamwambia barabara imeinama. "Na ile tuliyotoka?" Nikamwambia nayo imeinama. Akaukaza mkanda wake kwa namna ambayo wenye ndoa wanaijua. Asubuhi nikalitazama vizuri: mlango wa kushoto una weupe wake tofauti na weupe wa gari, taa moja inamulika madirisha ya ghorofa ya pili, na ukilegeza usukani kidogo tu, gari linajiendea zake kushoto.

Nikarudi gereji nimejaa maneno. Profesa hakugomba hata kidogo. Aliitoa ile fomu, akaipangusa vumbi, akaniuliza mbele ya wateja wapya, "Mwalimu, sahihi hii ni ya nani?" Nikasema yangu. "Nzuri kweli, ulijifunzia wapi?" Na mimi, badala ya kukasirika, nikajikuta namweleza. Nikapiga simu bima, binti wa mapokezi akaniambia, "Mzee wangu, faili limeshafungwa, mteja ameridhika." Nilitamani kumjua mteja huyo nimtie makofi.

Lakini hilo siyo lililonifanya niandike. Niliona aibu kuwaambia wanafunzi kwamba gari la mwalimu wao limepinda, kwa hiyo nikaanza kuwafundisha kushika usukani ukiwa umeinamia kulia kidogo, na walipouliza kwa nini, nikawaambia ni mtindo wa kitaalamu, unaitwa "mkono wa tahadhari". Mkunga mmoja, mwanafunzi wangu msikivu kuliko wote, akauandika kwenye daftari na kuupigia mstari. Siku ya mtihani wakapewa gari la mtahini, ambalo limenyooka, naye kwa utiifu wake wote akalivutia kulia nilivyomfundisha, akavuka mstari wa katikati mara mbili, akafeli. Wenzake wawili nao wakafeli vilevile. Mkunga akanifuata uani na daftari lake, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nikamjibu, "Woga, dada yangu. Una woga."

Zahanati anayofanya kazi imemwekea nafasi ya kuendesha gari la kuwafuata wajawazito majumbani, ila lazima awe na leseni kabla ya mwezi kuisha, na mtihani mwingine uko wiki ijayo. Juzi ameniambia anaacha, atampisha mwenzake, kwa sababu mtu mwenye woga hafai kumbeba mama mwenye uchungu. Mshauri, huyu amezalisha watoto ambao leo nawafundisha udereva, woga ataupata wapi? Chakula hakinipiti tangu siku ile. Je, nikubali yaishe, fundi wa mtaani aninyooshee gari kimyakimya, au nifanye nini?

Ni mimi, Mwalimu wa Mkono wa Tahadhari.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimecheka, tena si taratibu. Nilipofika kwa mkunga nikaacha.

Pole kwa gari. Profesa alijua anachofanya alipokupamba kwa sifa huku amekushikisha kalamu, na wewe ukaingia mzimamzima. Sahihi hiyo inakupunguzia nguvu, lakini haijakuziba mdomo. Gereji ilichaguliwa na kampuni ya bima, kwa hiyo anza na kampuni, uachane na kubishana na Profesa, maana kwake utaishia kumfundisha mwandiko.

Gari lisitoke tena, leo hii. Linalovuta upande halifai kubeba mwanafunzi. Na huyo fundi wa mtaani mwache kabisa, kwa sababu akishalifungua, gereji watasema kila kasoro ni yake. Piga picha mlango, taa na matairi ya mbele, uone kama moja limeanza kulika upande. Mwite mkaguzi wa magari asiyefahamiana na gereji wala bima, akuandikie ripoti yenye mhuri. Halafu andika barua, achana na simu: namba ya madai, siku uliyochukua gari, siku uliyorudi kulalamika, kasoro moja baada ya nyingine, na unachotaka, yaani mkaguzi wao alione upya na kazi imaliziwe ipasavyo. Soma na mkataba wako, huenda matengenezo yana muda wa dhamana. Eleza bila kuficha kwamba ulitia sahihi kabla ya kuliendesha. Itakuuma kuandika, lakini ni heri uyaseme wewe kabla hawajakusomea. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, wape wiki mbili, na wakijifanya hawakusikia, nenda kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Hayo ni ya gari. Sasa tuje kwa mtu, na hapa huruma yangu imeisha. Uligonga nguzo kwa bahati mbaya. Huyu mama ulimgonga kwa makusudi. Alikuuliza swali la kweli, ukampa aibu yako aibebe yeye, na ameibeba mpaka anataka kuacha kazi aliyoihangaikia. Mwalimu mzima! Hukuogopa kuwafelisha watu watatu, ukaogopa kusema neno "gari".

Mtafute alipo, pamoja na wale wenzake wawili. Usimwandikie ujumbe, wala usianze na hadithi ya Profesa. Mwambie hana woga, hakuwahi kuwa nao, usukani ulikuwa mbovu na wewe ulijua. Akikufokea, pokea. Akilia, ngoja amalize. Kisha muombe mwalimu mwenzako gari lililonyooka, umfundishe kila siku mpaka siku ya mtihani, naye alifute lile somo lako kwenye daftari. Mganga mkuu wa zahanati mwandikie barua ueleze kwamba aliyefeli siku ile ni mwalimu, ili nafasi yake isiguswe.

Bima inaweza kungoja mpaka Jumatatu. Mwezi unaisha, na kuna mama ambaye mimba yake haiungojei ujasiri wako. Weka gazeti hili chini, uende zahanati sasa hivi. Na uende kwa miguu.