Chupa Iliyo Chini ya Nguzo ya Adu

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini mkono wangu umekataa kuanza na neno jingine. Nimekaa kwenye meza ya Mama hapa Gede, na karatasi ni zile nyembamba za barua za ndege, kwa sababu barua hii ina mahali pembamba pa kupita. Nitakueleza mwishoni.

Kwanza nikuambie nililofanya, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kulipamba. Niliivunja nguzo yako ya upimaji ya Adu. Si mvua, si ng'ombe, si wezi wa nondo. Mimi Dama, binti yako, niliandika kwa wino kwenye kadi yake ya ofisini kwamba imekosewa, na kwa maandishi hayo ikavunjwa. Ulikuwa na miezi minne tu kaburini.

Hata sasa nikiyaandika haya naona kama ni habari za mtu mwingine. Nimeduwaa, Baba. Mama akinisemesha inabidi aniite mara mbili.

Unakumbuka ile mashine ya setilaiti uliyoambiwa inakuja, ukacheka, ukasema nayo itafute mahali pa kuketi kama sisi wengine? Ilikuja. Ofisi yetu ya mradi wa mashamba iliiazima kwa wiki moja. Ni sanduku la bati lenye waya mrefu na kitu juu yake mfano wa mwavuli uliochanika kitambaa. Inasikiliza setilaiti za Wamarekani zikipita juu, kisha inaandika yenyewe kwenye karatasi: mahali hapa ni hapa. Tulikuwa tuipeleke kwenye nguzo tano, lakini mvua ikaikata barabara, tukafika kwenye moja tu. Ile ya kilimani Adu, ambayo mashamba yote ya kule yanaanza kuhesabiwa kwayo.

Tuliikalisha juu ya nguzo yako siku mbili. Nilijivuna siku hizo mbili. Niliwaambia wenzangu, nguzo hii kaijenga baba yangu, mtaona.

Namba zikatoka. Ziliiweka nguzo karibu mita mia tatu kusini ya pale ulipoiandika wewe.

Mia tatu, Baba. Upana wa kidole ningeuelewa, hata hatua mbili ningezimeza. Lakini mia tatu ni kutoka mlangoni kwetu hadi stendi, na ukifika unahema. Mkubwa wa ofisi alilisema kwa upole, kwamba Mzee Kahindi alikuwa hodari, ila huenda macho yalishachoka. Akanipa mimi hesabu nizirudie, nadhani alitaka kunipa nafasi nikutetee. Nikazirudia mara tatu. Mara zote tatu ulikuwa umekosea.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Ulinilea kwa msemo mmoja. Tangu nikiwa mdogo nakushikia kamba ya timazi, kile kipande chako cha shaba kinachoning'inia mpaka kitulie, ulikuwa ukiniambia: "Timazi haina mjomba." Ulinifundisha nisipendelee, hata ndugu, hata mimi mwenyewe. Basi siku ile niliogopa sana kukupendelea. Niliwaona wote wananitazama, binti wa mpimaji, wanangoja nimfunike baba yangu. Nikachukua kalamu nikaandika "Imekosewa" kwa hati nzuri uliyonifundisha wewe. Ungekuwa mtu baki ningekutetea. Ningeuliza, mbona tumepima nguzo moja tu? Ningesema tungoje barabara ikauke. Kwa kuwa ulikuwa baba yangu sikuuliza kitu.

Mzee Baya ndiye aliyepewa nyundo, yule mwenzako wa miaka yote wa kubeba mnyororo wa kupimia. Aliivunja sehemu ya juu akaja kuniwekea kipande cha zege mezani. Kilikuwa na alama ya kidole gumba chako, pale ulipozoea kubonyeza kabla zege halijakauka. Nilikiweka kwenye saraka nikaifunga.

Kisha ramani ikaanza kusogezwa. Ukisogeza nguzo, umesogeza kila shamba linaloihesabia. Vigingi vipya vikapigwa, na kimoja kikaangukia kwa Hawe Sidi, yule bibi aliyekuwa akikupikia mihogo ulipokuwa ukifanya kazi kule. Kilimwachia nyumba. Mikorosho yake na kaburi la mumewe vikawa upande wa pili, shamba la watu wengine.

Alikuja Kilifi ofisini kwa basi, akaketi kwenye benchi tangu asubuhi. Aliponiona hakuamka. Akasema mbele ya watu wote: "Dama, baba yako alikaa kwangu siku nne akingoja ukungu utoke juu ya kilima cha Mwangea, akione ndipo apime. Mtu wa kukosea hatua mia tatu hangoji ukungu."

Nikamjibu kwamba mashine haina macho ya kuchoka. Baba, nilimjibu hivyo bibi wa watu, mimi niliyelala kwenye mkeka wake nikiwa na miaka saba. Akafunga upya leso yake, akaenda zake kutafuta basi. Laiti angenitukana.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano katika hoteli moja ya Kikambala. Serikali ilitaka ushauri kabla ya kuandika sera: meli za bandarini, ndege na ramani zetu zifuate setilaiti za nani, wenyewe wakizifunga siku moja tutafanya nini, na tuwatake nini tukikubali kuzitumia. Walialikwa Wamarekani na Warusi, maana wote wawili wanazo, na sasa wote wanasema wako tayari kuwafungulia wengine. Mimi sikutumwa kusema kitu. Nilitumwa kubandika ramani ukutani.

Ungefurahi kuwa pale. Ofisa mmoja wa Nairobi alisema tuchague mmoja tumfuate, kwani mshika mbili moja humponyoka. Mama mmoja wa bandarini Mombasa akamjibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba kwao jifya moja haliinjiki chungu. Watu wakacheka, hata ofisa mwenyewe. Lakini lililonishangaza zaidi ni kumwona Mmarekani na Mrusi wamekaa meza moja, huyu anamsogezea yule jagi la maji. Watu ambao kila tukifungua redio tunaambiwa wanatishana kuimaliza dunia.

Mrusi akasimama. Akasema kabla ya kuchagua tujue jambo moja: kila mwenye setilaiti ana dunia yake. Maana yake, kila mmoja amechagua mwenyewe katikati ya dunia ni wapi, na anahesabu kutoka hapo. Katikati zao hazilingani. Kwa hiyo mlango wa hoteli ile ile, kwa setilaiti zake una namba hizi na kwa setilaiti za mwenziwe una namba zile, na wote wawili wamepima sawasawa. Akasema meli ikizichanganya bila kujua itapanda mwamba, na ndiyo sababu wao wawili lazima wakae waambizane tofauti ni kiasi gani.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi na pini mdomoni. Mmarekani akainuka kumsaidia. Akashika chaki, akasema na ninyi mna dunia ya tatu, ya ramani zenu za zamani. Ilipimwa na watu walioanzia kusini kabisa mwa Afrika, wakaja kilima hadi kilima miaka mingi iliyopita, na wao walikuwa na katikati yao. Ukiweka mashine yetu kwenye nguzo yoyote ya pwani hii, akasema, utapata tofauti karibu mita mia tatu, kuelekea kusini, kila mahali sawa.

Pini zilinimwagika. Nilishuka ngazi sijui vipi. Nikasikia sauti yangu inauliza, mbele ya waheshimiwa wote wale, kama ni hata kwa nguzo iliyopimwa vizuri.

"Hasa iliyopimwa vizuri," akasema. "Ya ovyo ingekupa tofauti nyingine."

Hasa iliyopimwa vizuri.

Baba. Nilikwenda kusimama jikoni mwa hoteli katikati ya masufuria, mpishi mmoja akaniletea kiti, akadhani nina homa. Kisha nilirudi nikanakili namba zote za ubaoni, nikazijumlisha na zako. Zikatoa zile za mashine. Hatua mbili ndizo zilizobaki, na hata hizo mbili mashine yenyewe inakiri kwamba ni zake. Siku nne za kungoja ukungu. Ulikuwa umeipata nguzo ile kwa mnyororo, darubini na miguu yako, na kitu kinachopita juu ya mawingu kikaja kukushuhudilia, nami nikausoma ushahidi wake nikautumia kukuhukumu.

Kumbe kitabu cha mashine kilikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Kilikuwa ndani ya sanduku muda wote, hatukukifungua. Tulijua kuiwasha, tukaona tumejua.

Siku ya mwisho ya mkutano walisoma mapendekezo ya sera, mazuri mengi: kutotegemea mwenye setilaiti mmoja, kuwataka wenye nazo waelewane na watuambie mapema wakitaka kubadili kitu. Mwenyekiti akauliza kama kuna la kuongeza. Nilikuwa na nyundo ya kubandikia mkononi. Nikasema naomba iandikwe kwamba hakuna namba ya setilaiti itakayotumika nchini bila kutajwa inahesabu kutoka dunia ipi, na kwamba hakuna nguzo ya zamani itakayoitwa mbovu kabla ya kupimwa nyingine tatu pamoja nayo. Waliniuliza kwa nini tatu. Niliwaeleza yote, Baba, jina lako na kalamu yangu. Yule mama wa bandarini akasema iandikwe.

Imeandikwa. Jina lako halimo, sera haziandikwi hivyo. Kama wakubwa wataikubali sijui bado.

Jumatatu iliyofuata mkubwa wa ofisi alisoma hesabu yangu akaitia saini. Vigingi vipya viling'olewa wiki hiyo hiyo. Nilikwenda Adu mimi mwenyewe kumwambia Hawe Sidi. Nilipiga magoti uani kwake nikamshika miguu. Akaniambia: "Mimi nimerudishiwa kaburi langu. Wewe nenda kaongee na lako." Kisha akanipa mihogo.

Nimekwenda kaburini kwako mara mbili sikuweza kusema kitu. Ndiyo maana naandika.

Na sasa nikueleze kuhusu karatasi nyembamba. Kesho tunaijenga upya. Mzee Baya alipoivunja alivunja ya juu tu, chini hakugusa. Nilimuuliza kwa nini, akasema mkono ulikataa. Juzi tulifukua taratibu kwa mikono tukayakuta makaa uliyoyazungushia, meusi vilevile, na katikati yake chupa yako imesimama, mdomo juu. Ulinieleza nikiwa mdogo kwamba chini ya kila nguzo mpimaji huzika chupa na makaa, kwa kuwa makaa hayaozi, ili siku zege likivunjika mwingine ajue pa kurudi. Nilidhani ni hadithi ya kunifurahisha. Nimeikuta haijainama hata kidogo. Nililia pale chini kwa sauti, Mzee Baya akageuka akajifanya anatafuta koleo.

Mama amenipa timazi yako. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango tangu tukuzike, wala hakuruhusu mtu aiguse. Kesho nitaining'iniza juu ya mdomo wa chupa, ningoje itulie, nami sitakuwa na haraka. Hawe Sidi atakuja na makaa ya kuongezea. Mzee Baya atakoroga zege. Kile kipande chenye kidole gumba chako kitarudi juu, upande wa Mwangea.

Kabla ya zege, barua hii itakunjwa nyembamba itiwe chupani, bila kuitikisa chupa. Nitaziba kwa nta.

Nakuahidi haya, Baba. Sitampima peke yangu mtu nimpendaye, wala kwa huruma wala kwa ukali, nitamwita mwingine ashike kamba upande wa pili. Na kila nitakapoletewa namba, hata iwe imeshuka kutoka wapi, nitauliza kwanza imeanza kuhesabu kutoka wapi.

Lala salama, Baba yangu, mwenye mkono usiotetemeka. Mashine nyingine zitakuja, bora kuliko ile, na huenda siku moja akatokea tena mtu wa kusema nguzo ya Adu imekosewa. Avunje. Atakutana na makaa, kisha na chupa yako imesimama wima, na ndani yake mimi, nimeshaandika kwamba ulipima sawa.

Mwanao,
Dama