Zamu ya Nissim

Jumapili, 1 Novemba 1998
Miguu imevimba. Kazi ya kuogesha wazee si mchezo. Kwanza nilidhani nyumba ya wazee Wayahudi itanipa ahueni, mimi Myahudi mwenzao. Wapi! Kila wiki kuna anayeuliza natoka wapi. Nikisema Lubumbashi, wanacheka – Myahudi gani wa Kongo? Basi naanza upya: babu alitoka kisiwa cha Rhodes, akafungua duka la vitenge, mimi nikazaliwa ghorofani juu ya duka. Nimechoka kueleza.

Nyumbani Ilford, pembeni mwa London, Nissim kakaa dirishani. Tangu askari walioasi kwa kukosa mshahara watupore duka lile na tukimbilie huku, mume wangu ni mtu wa dirishani. Leo kachangamka kidogo kwa ajili ya mimba ya pili ya Alegra, binti yetu. Akija mtoto mume, ni zamu yangu, anasema.

Ni kweli. Kwetu mtoto mume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama. Na babu awe hai, ndiyo raha yenyewe! Mimi mwenyewe ni Luna kwa sababu ya bibi yangu Luna. Aliniita wajina hadi siku anakufa, na kwenye halua kipande kikubwa kilikuwa changu.

Jumatano, 4 Novemba
Mtoto mume! Mzima, na mama mzima. Mungu asifiwe.

Nissim amelia bila aibu. Kisha kakamata simu – Brussels, Cape Town, Lubumbashi. Nissim mdogo amezaliwa, Nissim mdogo ana mapafu ya kufokea wateja! Sijamwona hivi miaka mingi. Bili ikija tutajua la kufanya.

Ijumaa, 6 Novemba
Haraka haraka, jua la hapa linazama saa kumi na robo na mishumaa ya Sabato sijaiweka.

Alegra amepiga simu. Sauti ya kunyatia. Hawatampa mtoto jina la Papa wake. Upande wa mumewe, Adrian, Wayahudi wa Poland, mtu aliye hai hapewi wajina. Ni marehemu tu. Kwao ni kama kumwombea mtu kifo.

Nikasema, mbona mtoto wa kwanza mlimpa jina la babake Adrian? Mama, yule alikuwa ameshakufa.

Kweli. Desturi mbili zilipishana mlango mmoja na hakuna aliyeona. Sisi tulidhani ni zamu yao. Wao walidhani ni kumbukumbu.

"Please Mama, usimwambie Papa bado." Na atamwambia nani, kama si mimi?

Jumapili, 8 Novemba
Jana Sabato, sikuandika. Leo tumekwenda kumwona mtoto.

Doreen, mama yake Adrian, alikuwepo na supu yake. Nissim akainama juu ya kitanda cha mtoto, akaita kwa sauti ya dukani: "Nissim wee! Karibu Londres!" Doreen alipauka. Akagonga meza, akatema mate pembeni, ptu ptu ptu, akakimbilia jikoni.

Nikamfuata nikiwa tayari kugombana. Nikamkuta analia. Malaika wa mauti, aliniambia, akija siku moja kumtafuta mzee Nissim, atakuta Nissim wawili nyumbani. Akikosea je? Akimchukua mdogo? Anaamini kabisa. Na anampenda Nissim, kila wiki humletea supu. Ningependa kumchukia lakini hata nguvu ya kuchukia sina.

Ndani ya basi Nissim akauliza yule mama alishikwa na nini. Nikasema uchovu. Nikajiona mwoga.

Jumatatu, 9 Novemba
Nimemsimulia Euphrasie, mwenzangu wa kazini, tukitandika vitanda. Yeye ni wa Bukavu, Mkristo. Ameshika kiuno. "Mzee iko muzima, banamunyima jina? Sasa atalifurahia akiwa kaburini?" Nikacheka hadi mgonjwa akaamka.

Nilipoacha kucheka, hasira ikabaki.

Jumanne, 10 Novemba
Nimemwambia. Alikuwa anapaka viatu rangi kwa ajili ya tohara ya kesho, ambapo jina hutangazwa, nikaona nikingoja tena nitakuwa mwizi.

Hakupiga kelele. Aliendelea kupaka kiatu kile kile. Akauliza, nikifa? Nikasema, ukifa, na Alegra akipata mwingine, basi huyo atapewa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa bei.

Nikamwambia wamempa heshima kubwa, yeye ndiye atakayempakata mtoto wakati wa tohara. Akasema: nimpakate, halafu niwasikie wanamwita jina la mtu mwingine?

Kisha akasema duka walichukua, nyumba walichukua, jina alidhani ni lake. Naumia. Nawaonea wote huruma, na hakuna anayenionea mimi.

Jumatano, 11 Novemba
Asubuhi. Teksi iko chini, imeshapiga honi. Nissim kavaa hadi tai, na amekaa. Haendi.

Simu ikalia, Alegra. Wageni wamefika wote, Papa yuko wapi, kiti chake na mto viko tayari. Nikamwangalia Nissim. Akasema kwa nguvu, ili sauti imfikie binti yake:

"Ubaambie mi nilisha kufa! Batamupa jina."

 Kiswahili Alegra anakisikia vizuri sana. Nikasikia Doreen akiuliza kwa Kiingereza, what did he say, what did he say? 

Nimeweka simu mezani, sikuikata.  Naandika ili mikono ipate kazi.

Huko mtoto ameanza kulia. Sauti ndogo lakini inafika hadi hapa mezani. Mtu anajaribu kumbembeleza na hajui.

Honi tena.  Nissim amesogeza kiti karibu na simu.