Springi za Gari la Aabo

Ugas,

Chai iko kwenye thamosi. Hooyo amelala, mwache mama apumzike, usimwamshe. Dawa yake ameze baada ya adhuhuri, na ale kwanza.

~~Ufunguo wa gari uko juu ya friji.~~ La, nimeondoka nao.

Nilikwambia au sikukwambia? Gari la Aabo la mashindano, Mungu amrehemu baba yetu, liliundwa kwa injini ndogo. Ukilibebesha hiyo kubwa, lazima kwanza ubadilishe springi na shokabsoba. Ukanijibu, "Wewe dada ni fundi wa trekta, ya magari ya mbio niachie." Haya, nikakuachia, ukaifunga injini yako.

Leo asubuhi nilikuwa nampeleka Hooyo kwa gari hilo kule Bura kwa dada yake. Nimekanyaga mafuta kidogo tu, gari likachomoka. Kwenye tuta la kwanza pua ikazama, tumbo likagonga chini, tukaingia vichakani. Hooyo ameshonwa nyuzi tatu kwenye paji la uso.

Nimekasirika na wewe, walaal, ndugu yangu, na mimi mwenyewe zaidi. Nilijua, na bado nikashika usukani.

Ukisoma hii nitakuwa nimepanda basi la Nairobi kutafuta springi ngumu. Usiliguse hilo gari.

Hooyo alinisihi nisikwambie. "Sema nimeteleza bafuni. Tangu babake afariki, sijamwona Ugas akicheka kama siku injini hiyo ilipowaka."

Mimi nimeshindwa kukudanganya. Lakini ukiingia chumbani akakwambia ni bafu, wewe itikia ni bafu.

Dada yako mkubwa,
Jawahir