Mrehani wa Zuwena

Msimbu, Kisarawe
5 Mei 2024

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Hujambo, na kazi za huko Kongowe zinakwendaje? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Barua hii anakuletea Hashiru, yule anayepeleka mafenesi Kibaha. Kwenye simu nikisikia sauti yako nasahau nililotaka kusema.

Mwaka sasa tangu mama yako atutoke, nawe hujakanyaga nyumbani. Sikulaumu. Nimekung'olea mche wa mrehani bustanini kwake. Uweke pale unapotawadhia. Unakumbuka, kila swala alichukua udhu juu ya mche mmoja, huku akimwombea aliyepandiwa mche huo. Wako aliuanzia alfajiri. Sote alitupandia, mwenyewe hakujipandia.

Baba yako,
Mwishehe


Kongowe, Kibaha
2 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, magoti yanaendeleaje? Mrehani ulifika salama, ukanukia chumba kizima. Nilimkumbuka mama mpaka chakula kikanishinda.

Lakini nisamehe, umekauka. Ofisini natoka saa kumi na mbili nimechoka, nikasahau kuumwagilia wiki nzima. Nitumie mwingine, baba, nitajitahidi.

Mwanao,
Zuwena


Msimbu
9 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajambo kidogo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mche unaotawadhiwa juu yake hunywa maji mara tano kwa siku, mwenyewe akumbuke asikumbuke. Basi nimejua, wala sijakasirika. Tangu lini, mwanangu?

Mimi pia baada ya maziko nilikaa siku nne msikitini sendi. Nilishinda bustanini nang'oa magugu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nadhani hayo nayo Mungu aliyaona.

Mche mwingine huo. Uumwagilie kwa kikombe, kwa kopo, kwa chochote ulicho nacho. Usiuache tu. Nina hamu na wewe, Zuwena.

Baba yako


Msimbu
14 Julai 2024

Mwanangu,

Salaam. Hashiru karudi mara ya tatu mikono mitupu. Anasema upo mzima, nimeshukuru. Mrehani wako mkubwa wa huku nautawadhia mimi kila alfajiri. Hata usiponijibu.

Baba yako


Kongowe
18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mzima. Nisamehe kunyamaza, niliona aibu.

Nilimwomba Mungu siku kumi na saba kando ya kitanda cha mama, na akamchukua. Tangu pale nikawa nasema nitaswali kesho. Ndiyo hiyo kesho imefika mwaka.

Mche nimeumwagilia kwa kikombe kila asubuhi, bila kusema neno. Umechanua. Jumatano nilipouinamia nikajikuta nanawa mikono juu yake, nikasukutua, nikaosha uso. Nia sikuwa nayo, baba, mikono ilikwenda yenyewe kama mama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Nilipofika miguuni nilikuwa nalia. Nikaanza upya, safari hii kwa nia, nikaingia ndani nikatandika kanga yake. Rakaa ya pili nilipotea, nikarudia.

Ijumaa nakuja, nitafika kabla ya adhuhuri. Nakuja na mche nilioutoa kwenye huu wangu. Ni wa mama. Wewe chimba shimo tu bustanini. Maji usiteke, nitachukulia udhu hapo.

Mwanao,
Zuwena