Bryson Amerudi

Makorora, Tanga
Jumatano

Dada yangu mpenzi Elizabeti,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Mkwaja, wewe na shemeji, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi ni wazima, ila mimi nina donge. Simu sikukupigia kwa sababu mama Yudith husikia kila neno, na haya nataka uyajue wewe uliyenilea.

Bryson amerudi. Unamkumbuka, yule niliyesimama naye sauti ya tatu katika kwaya, tukichangia kitabu kimoja. Wageni wa Kijerumani walipokuja kutafuta kijana wa kwenda kusomea uimbaji kwao, walitusikiliza sote wawili wakamchukua yeye. Akasoma, akaajiriwa kwenye jumba la opera, ile michezo ambayo mtu huimba hata akiomba maji ya kunywa. Baadaye akahamia Marekani, na sasa ni raia wa huko. Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Kila alipotaja mji alikoimba, nilimkatiza kwa habari za pikipiki.

Jumapili mchungaji alimkaribisha aimbe. Loo! Sauti ilijaa kanisa zima, lakini ilikuwa inatetemeka, ndivyo wanavyofundishwa huko, si mchezo. Akina mama wa maombi wakadhani mtoto wa watu ana homa kali. Wakainuka, wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na kuikemea malaria kwa jina la Yesu, naye anaendelea kuimba katikati yao. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba angalau kwetu hakupigiwa makofi.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Alikuja nyumbani, akala ugali na samaki, kisha akasema kwamba tangu arudi hajasikia sauti kama ya Yudith alipoongoza kwaya asubuhi ile. Chuo alichosoma Ujerumani kiko tayari kumpokea binti yetu kwa pendekezo lake, mradi sisi wazazi turidhie. Mama Yudith akapiga vigelegele. Yudith akanitazama mimi. Nikasema nitafikiri.

Tangu hapo nawaambia watu kwamba binti bado mdogo, kwamba Ulaya ni baridi, kwamba ataacha imani. Uongo mtupu. Bryson nimemzoea. Ninayemwonea wivu ni Yudith, mwanangu wa kumzaa. Jana alikuwa anafua uani huku akiimba, nikamfokea anyamaze, ananipigia makelele. Akanyamaza, akaendelea kufua. Mama yake hajasema nami mpaka sasa.

Bryson atakuja Jumamosi kuchukua jibu. Nakuomba uje kabla yake. Kwetu shangazi akishasema juu ya binti, baba hana la kuongeza. Nikiulizwa mimi nitasema hapana, najijua. Kaa kwenye kiti changu useme ndiyo. Nami nitanung'unika mbele ya watu kwamba umenishinda, wala usijali, nung'uniko hilo litakuwa la kweli.

Mama Yudith angekusalimu kama angejua nakuandikia. Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Ukifika, kabla hujaketi, mwambie Yudith aimbe. Mimi nikimwomba hataniamini.

Ni mimi mdogo wako,
Eliudi