Mlango Uliopimwa Asubuhi

Jumatatu, 7 Julai
Mlango umekwama tena. Saa nane mchana, jua likiwa limeugeukia. Nimepita jikoni kama kawaida, beseni la kahawa kichwani, kuku wananitazama kama mgeni. Jioni jua lilipojificha nyuma ya migomba, mlango ukalia tik, ukaachia wenyewe. Wala sikuugusa.

Mume wangu Festo aliutengeneza na kuupachika Aprili, asubuhi ya mvua na ukungu, chuma baridi kama maji ya mtungini. Akajisifu kwamba hata unyoya haupiti kati ya mlango na fremu. Kweli haupiti. Alisahau tu kwamba kuna Julai. Wiki ileile akavuka mpaka wa Murongo kwenda kuchomelea mageti Uganda. Alisema mwezi mmoja.

Jumatano, 9 Julai
Waya wa kuanikia nguo. Asubuhi umenyooka. Mchana umelegea mpaka pindo la kanga linafagia vumbi. Nimeutazama huku nageuza kahawa kwenye turubai. Chuma kikipata joto kinarefuka, kikipoa kinajirudi. Hakuna aliyenifundisha. Ukikosa wa kuongea naye, unaanza kusikiliza mabati.

Pete nayo. Asubuhi inazunguka, mchana inabana. Ila hapo nadhani si pete, ni kidole.

Ijumaa, 11 Julai
Mtu wa bodaboda aliyeleta chumvi kutoka Murongo amemwona Festo. "Amenenepa huyo, mama! Uganda imemkubali."

Vitu hutanuka vikipata joto. Najiuliza ni joto la nani.

Maharage yameungua.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa akaja shemeji Deo, mdogo wake Festo. Akaupiga mlango bega. Mlango haukuumia. Alipozunguka na kuingia kupitia jikoni alikuwa na maneno tayari.

"Shemeji, nyumba gani hii, wageni tunapita kwenye masufuria? Ijumaa naleta fundi kutoka Rubwera aukate."

Nikasema sitaki.

"Unalinda mlango, au unamlindia mtu?"

Nikampa chai. Hasira mpaka sasa. Huu mlango ndio kazi ya mwisho ya mikono yake hapa kwangu. Akija mwingine akaukwangua, nitabaki nasukumana na nini?

Jumanne, 15 Julai
Festo kapokea simu. Nilipanga kumwambia nimemkumbuka. Mdomo ukagoma, ukasema mlango unakwama mchana.

Akacheka. Haiwezekani, alipima mwenyewe. Nikauliza atarudi lini. Kazi bado, tutaona.

Sipendi hiyo tutaona. Basi nikamwambia, kwa upole kabisa, asijisumbue. Ijumaa Deo analeta fundi wa Rubwera kuukata.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Asiuguse! Mwambie Deo asithubutu."

Namjua mume wangu. Mke anaweza kusubiri. Ila mlango wake kushikwa na fundi wa Rubwera, hapana.

Alhamisi, 17 Julai
Simu ya Festo haipatikani. Deo ananitania: fundi kesho jioni, shemeji, aga mlango wako.

Saa nane nimeumwagia ndoo nzima ya maji. Ukaachia. Nilipomaliza kufurahi, ukabana tena. Maji ni ahadi ya kwenye simu tu. Yanapoza kidogo, halafu jua lipo palepale.

Ijumaa, 18 Julai
Nilikuwa ndani nachambua mchele. Nikasikia begi limewekwa chini. Mkono kwenye kitasa. Kusukuma. Kusukuma tena, kwa heshima kidogo.

"Koku, umefunga?"

"Sijafunga. Sukuma."

Nikamwacha asukume. Roho mbaya, najua. Mimi nimesukuma tangu Juni.

Nikamwambia apite jikoni. Mama mkwe, aliyekuwa ameshafika mbio kutoka kwake ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba, akakataa katakata. Mwanamume aliyetoka safari haingii kwake kupitia jikoni, waitu jamani, huo ni mwendo wa mwizi wa ndizi. Akampa mwavuli wa kujikinga jua, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni, akaenda zake.

Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wangu. Sikuitaja.

Festo akakaa juu ya begi upande wake. Nikakaa sakafuni upande wangu, mgongo kwenye chuma cha moto. Tukaongea. Mengine siyaandiki hata humu. Amesema amenenepa kwa ugali wa kambini, wanapikiwa na mzee mwenye ndevu. Nimeamua kuamini ndevu. Amesema alikuwa anaogopa kurudi mikono mitupu. Nikamwambia mikono ndiyo niliyokuwa naitaka.

Jua likaingia migombani. Tik.

Deo amempigia fundi wa Rubwera asije.

Jumamosi, 19 Julai
Festo anapiga grinda, anaukwangua mlango kingo zake. Safari hii kaanza mchana, mlango ukiwa umevimba, maana huo ndio wakati wa kuupima. Nilimwambia mimi. Sasa anasema aliliwaza njiani. Sawa.

Pembeni pote pameachia. Kona ya juu bado, na jiwe la grinda limelika lote. La akiba halionekani. Ametafuta begini, uvunguni, mpaka kwenye kiota cha kuku. Nimemsaidia kutafuta kwa bidii sana.

Nimelifunga kwenye gazeti na kulizamisha kwenye mtungi wa maharage.

Keshokutwa anarudi kazini. Kona ataimalizia akija, kabla kahawa haijamaliza kukauka juani. Safari hii hakusema tutaona.

Jumanne, 22 Julai
Alivuka jana. Nyumba imekuwa kubwa tena, na hapo joto halihusiki.

Leo nimeingiza mkono kwenye mtungi wa maharage. Jiwe lipo. Gazeti halipo. Limefungwa kwenye kitambaa cha jasho cha Festo, mafundo mawili.

Nimelirudisha palepale, chini kabisa.

Saa nane. Kona ya juu imebana. Nimekaa chini, mgongo kwenye chuma, nasubiri kipoe.