Chai ya Mama Yake Selemani

Jumatano, baada ya Alasiri. Al Mansoura, Doha.

Hamisi, mwanangu, kapiga simu kutoka Marekani akicheka. Jimbo lake limelegeza masharti ya bangi ya matibabu: mgonjwa wa saratani harudi tena kwa daktari kila mwaka kuhuisha kadi ya kuinunulia, na hata mgeni anaandikishwa. "Mzee, njoo huku ulale usingizi!"

Dada yake Rehema akaninyang'anya simu. "Kaka, una wazimu? Akirudi nayo mwilini hapa Doha tutafungwa, kisha tupandishwe ndege turudishwe kwetu!" Akanipa kidonge changu cha maumivu, kile ambacho hakinisaidii tena.

Sikumkasirikia. Nimejikasirikia mwenyewe.

Nilipokuwa hakimu kule kwetu, kabla Rehema hajanileta huku, waliniletea Selemani, mkulima, aliyekutwa na bangi. Alikuwa akimchemshia mama yake kama chai. Mama alikuwa na saratani, kama mimi leo. "Mheshimiwa, akinywa analala," alisema.

Nikamjibu, "Basi nawe utalala, kwa gharama ya serikali." Mahakama nzima ikacheka. Nikampa miaka mitatu.

Mama huyo alikufa Selemani akiwa ndani. Najua, kwa sababu aliniandikia barua kuomba nimsaidie apate ruhusa ya kwenda kuzika. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo. Hili sijamwambia mtu.

Sheria ilinitaka nimfunge. Haikunitaka nimdhihaki, wala ninyamazie barua.

Mgongo umeanza tena. Nikimwita Rehema, anakuja mbio.

Mama yule alimwita nani?